Mbwa Afungwapo Kamba: Somo la Tabia za Wanyama

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika vijiji vyetu, mbwa waliozoea kuzurura huru huletwa wamefungwa kamba, aghalabu na watoto, wakakusanywa mahali pamoja. Mara kila mmoja hubweka, huruka na kuvuta kamba kuwaelekea wenzake. Wengine huponyoka na kurudi nyumbani bila kuchanjwa. Hilo si jambo dogo: ili ugonjwa huu usienee, yapasa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe, na mtu aliyekwisha kuonyesha dalili zake karibu daima hufa. Kwa nini, basi, mbwa aliye mtulivu uani hupandwa na jazba akiwa kambani?

Mbwa wawili walio huru wakikutana, kwa kawaida hawaendeani moja kwa moja. Hupinda njia, hunusana, na asiyetaka ujamaa huondoka zake. Kamba huondoa hiari hiyo. Anayetamani kusalimu hawezi kufika. Anayeogopa hawezi kukimbia. Katika hali zote mbili tezi za adrenali humwaga homoni katika damu, moyo hupiga haraka na misuli hukazana, hata ikawa vigumu kwa mtazamaji kubainisha hamu iliyozuiwa na woga. Mshikaji naye akivuta kwa nguvu au kumpiga, mbwa hujifunza kwamba kuonekana kwa mwenzake ni dalili ya maumivu.

Kujifunza kwa namna hiyo kulichunguzwa na Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Lakini kwa haja yetu, jaribio la Mary Cover Jones, lililochapishwa Marekani mwaka 1924, lina mafunzo zaidi. Mtoto wa karibu miaka 3 aliyeogopa sungura alipewa chakula akipendacho huku sungura akiwekwa mbali. Siku baada ya siku sungura akasogezwa, hata mtoto akamchezea. Kumsogeza upesi mno kungaliweza kumfanya mtoto akiogope chakula chenyewe.

Na tufanye vivyo hivyo kwa mbwa, majuma kadhaa kabla ya siku ya chanjo. Mtu mzima amshike mbwa kwa kamba iliyolegea; mwingine asimame na mbwa wa pili mbali, tuseme hatua 60. Mbwa wetu amwonapo mwenzake, apewe dagaa mmoja mmoja. Mwenzake akitoweka nyuma ya nyumba, dagaa wakome. Utaratibu huu usigeuzwe. Wengi hutoa chakula kwanza ili kumsahaulisha mbwa, naye huishia kuushuku mfuko wa dagaa. Akikataa kula, umbali hautoshi: rudini nyuma, msimkemee. Akianza kumgeukia mshikaji mara amwonapo mwenzake, punguzeni hatua 5 tu.

(Nilipokuwa masomoni Ulaya, mama mwenye nyumba alinikabidhi mbwa wake nimtembeze. Kwa haya tu nilivuka barabara kila mbwa mwingine alipotokea, nikawa natumia kanuni ya umbali bila kujua.)

Kamba isizungushwe kamwe mkononi mwa mtoto, kwani mbwa mwenye jazba akizuiwa huweza kumwuma aliye karibu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata likiwa mkwaruzo.

Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi waandike kila siku umbali mfupi kabisa ambao mbwa bado anakula, kisha wachore grafu. Mstari hautashuka sawasawa. Siku nyingine utapanda kwa sababu ya joto au ugomvi wa jana. Siku hizo nazo zichorwe. Na mbwa ambaye mpaka siku ya chanjo hajafikia hatua 10, aletwe alfajiri kabla ya wengine, au angoje mbali kivulini hadi zamu yake.