Mbwa wa Lindo Akiwa na Hofu: Somo kwa Kamati za Parokia



Upanga inabadilika. Nyumba za chini zenye bustani zinapungua, maghorofa yanapanda, na nyuma ya mageti mengi yupo mlinzi na mbwa wake. Hata kwenye viwanja vya makanisa mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Baadaye huja malalamiko: anabweka hovyo, amemng'ata mtoto wa mafundisho, "huyu mbwa ni mkali." Mara nyingi mbwa huyo anaogopa tu.

Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia. Ukimsogelea umemwachia njia moja, nayo ni kung'ata. Ongeza jenereta, nyundo za mafundi, fataki za Diwali na Mwaka Mpya, pamoja na fimbo ya mlinzi, utapata mnyama asiyetulia kamwe.

Hofu huonekana kabla ya jino. Mbwa hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hufyata mkia, hulaza masikio, huhema sana bila joto (na kwa jua la Dar es Salaam hapo inabidi kuangalia vizuri), au huganda ghafla. Kisha hunguruma. Tafadhali asipigwe kwa kunguruma. Hilo ni onyo, na mbwa aliyenyamazishwa kwa fimbo atang'ata bila kuonya.

Afanyiweje? Mnyororo uondolewe, ajengewe banda lenye kivuli, maji na mahali pa kujificha, mbali na njia ya watu. Hilo litawafaa pia majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hujiepusha kuguswa na mbwa kwa sababu ya imani yao. Atembezwe asubuhi na jioni na mtu anayemzoea. Akiogopa wageni, mgeni asimame mbali, mahali ambapo mbwa bado ametulia, naye mbwa apewe dagaa kidogo. Umbali upunguzwe siku hadi siku. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na mlinzi apewe nafasi ya kuifanya. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu na makelele mapema, kati ya wiki ya 3 na ya 14, wakati ambapo hupokea mambo mapya kwa urahisi.

Lakini tabia ikibadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, akitokwa mate na kushindwa kumeza, msiseme ni woga. Fikirieni kichaa cha mbwa. Binadamu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo, karibu hakuna anayepona. Jeraha, hata dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe kwa usalama na ofisa mifugo aitwe, maana huchunguzwa kwa siku 10.

Wafadhili wengine huuliza kwa nini fedha za jamii ziende kwa mbwa. Chanjo ya mbwa mmoja kwa mwaka ni nafuu mno kuliko dozi za mtoto mmoja aliyeng'atwa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, wa kanisani akiwamo. Kwenye bajeti ya parokia, chini ya mshahara wa mlinzi, kiwekwe kifungu cha banda na chanjo.