Kumvua Kambare kwa Ndoana

Mkulima mwenye bwawa la perege huenda akaona vifaranga vyake vikipungua mwezi hata mwezi, naye huwasingizia ndege, au pengine jirani. Yafaa kwanza atazame kama hamna kambare ndani. Samaki huyu hangoji kufunguliwa mfereji. Anacho kiungo juu ya matamvua kimwezeshacho kuvuta hewa, na usiku wa mvua aweza kutambaa juu ya majani mabichi kutoka mtoni hata bwawani. Akiisha kuingia, hula vifaranga.

Kumvua si kazi ngumu kwa ajuaye desturi zake. Wengi hukaa ukingoni mchana kutwa, wakarudi mikono mitupu, wakasema hayumo. Kosa lao ni la saa. Kambare hutafuta chakula hasa usiku, chini matopeni, naye hukitambua kwa ndevu zake nane na kwa harufu kuliko kwa macho. Basi tega jua likiisha kutua, na chambo kiwe chenye kunuka: matumbo ya kuku, kipande cha ini, au nyungunyungu kadhaa waliotungwa pamoja hata ndoana isionekane. Mshipi uwe wa nguvu, wenye chubwi ya kuushusha hata chini kabisa.

Akigusa, usivute papo hapo. Mwache achukue chambo, na mshipi ukinyoka, vuta kwa nguvu. Tena usimpe nafasi ya kukimbilia mizizi, maana atakata mshipi. Simama pakavu, kwa kuwa maji yenye konokono huweza kuleta kichocho.

Katika kumtoa ndoana, jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya ubavuni, ambayo huchoma vibaya. Wala usimlaze ukingoni ukadhani amekufa: hukaa hai nje ya maji kwa saa nyingi, naye atarudi bwawani ukigeuka kuwasha kiko. Mtie katika kikapu chenye kifuniko. Nyama yake ni nzuri, nayo hukaushwa vema kwa moshi.

Mtoni mambo ni mengine. Mvua za kwanza zikifurika, kambare hupanda penye majani yaliyofunikwa na maji ili watage, na watu huwakata kwa mapanga. Ni rahisi, lakini kila jike hubeba maelfu ya mayai. Hao waacheni watage kwanza. Aliyemo bwawani mwako, mtegee leo usiku.