Kwanza Paa: Maswali Kuhusu Kumbi za Kale za Tamthilia

Majibu ya fundi wa jukwaa mstaafu, mkazi wa Nzuguni, Dodoma

Barua za kuuliza jukwaa ni nini nimeziweka kando. Najibu zile zilizoninyima usingizi.

*Shikamoo Mwalimu. Ulaya kuna kumbi za tamthilia za miaka 250 na bado zinafanya maonyesho. Ukumbi wa Royal wa Unguja haukufika popote. Je, ni kwa sababu wenzetu walijenga kwa mawe na wanathamini urithi wao? (Barua za Ipagala, Kikuyu, Kizota na moja ya Unguja, zimeunganishwa.)*

Marahaba. Uzushi huu umenichosha, kwa hiyo mnivumilie.

Chukueni ukumbi wa kasri la Drottningholm, nje kidogo ya Stockholm, Uswidi. Ukumbi wa kwanza pale uliungua mwaka 1762, onyesho likiendelea. Mwingine ukafunguliwa 1766. Mbunifu wake, Carl Fredrik Adelcrantz, hakuwa na fedha za kutosha. Marumaru mnazoziona kwenye picha ni rangi iliyopakwa juu ya mbao na lipu, na mapambo mengine ni karatasi iliyopondwa ikachanganywa na gundi. Mawe yako wapi hapo? Mfalme Gustav III, mpenzi mkubwa wa tamthilia, alipigwa risasi kwenye dansi ya vinyago mwaka 1792, akafa, na ukumbi ukabaki kama yatima. Baadaye ukageuzwa stoo. Hakuna kamati ya urithi iliyoketi kuujadili. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliingia humo akitafuta mchoro mmoja tu, akakuta jukwaa zima na mitambo yake, pamoja na mandhari zilizochorwa karne ya 18. Kamba zikabadilishwa, umeme ukaingizwa, na mwaka uliofuata maonyesho yakaanza tena.

Kilichouokoa ni kukosa fedha na kusahauliwa. Kumbi zilizopendwa, zile za mijini zenye matajiri, zilibomolewa kila fasheni ilipobadilika, au zikateketea kwa mishumaa. Ule wa kasri la Český Krumlov, nchini Czech, nao wa 1766, umebaki na mitambo yake kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aliyeona faida ya kuufanya wa kisasa.

Sasa msiniruke mkasema, basi na sisi tusahau. Drottningholm ilisahauliwa ikiwa na paa zima juu yake. Royal ilifunguliwa Vuga, Unguja, mwaka huo huo wa 1921, ramani ikiwa ya J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Beit el Amani. Ikaungua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jengo jipya la mtindo wa Art Deco likafunguliwa 1955 kama sinema, kwa jina la Majestic. Watazamaji wa sinema walipopungua, mlango ukafungwa, na paa likaachwa mpaka likaporomoka. Kuanzia hapo masika na vuli zote mbili zilikuwa zinanyesha ukumbini, na hewa ya chumvi ikamalizia vyuma. Watu wa Unguja waliipenda Majestic kuliko Waswidi walivyoipenda Drottningholm yao. Waulizeni wazee wa Mji Mkongwe. Mapenzi hayazibi bati.

*Nimesikia kumbi hizo za kale za Ulaya zilikuwa na bahari na radi ndani, na msitu ukigeuka jumba la mfalme kufumba na kufumbua. Padri mmoja ametuambia ni mazingaombwe. Kweli?*

Ni useremala. Mandhari zilichorwa kwenye fremu zilizosimama pande zote mbili za jukwaa, mbili mbili, moja mbele moja nyuma. Chini ya sakafu kila fremu ilikaa juu ya kigari chenye magurudumu, na kamba za vigari vyote zikaenda kufungwa kwenye mhimili mmoja. Wanaume wachache wakizungusha mhimili, msitu wote unatoka na jumba lote linaingia, kwa pamoja, mbele ya macho ya watu, bila kushusha pazia. Aliyeusukuma mbele ufundi huu ni Giacomo Torelli, pale Venice, miaka ya 1640. Nahodha wa jahazi akishushwa chini ya jukwaa lile hatapotea: ni kapi, kamba na mafundo. Bahari ni magogo marefu yaliyochongwa kwa mzunguko kama skrubu, yakapakwa rangi ya maji, yakazungushwa kwa mpini. Radi ni sanduku la mbao lenye mawe ndani. Likiinamishwa, mawe yanabingirika na watoto wanalia. Mwambie padri aje, nitamtengenezea la kwake.

*Ni kweli Majestic ina majini, ndiyo maana iliachwa bila kutengenezwa?*

Hapana. Ilikosa paa.

*Kikundi chetu cha kwaya kinaandaa igizo la Pasaka. Tuwashe mishumaa halisi jukwaani ili ipendeze kama zamani?*

Msithubutu.

*Hapa Nzuguni mchwa wameingia kwenye jukwaa la mbao la ukumbi wetu. Fundi anatuuzia oili chafu, anasema tukipaka mara moja tumemaliza kazi.*

Amewauzia taka za gereji. Oili chafu hailoweshi ubao hadi ndani. Mchwa wanapita katikati wakiacha ngozi ya juu nzima, na ninyi mnadhani mko salama. Tena mmepaka kitu kinachowaka kwenye mbao kavu za Dodoma, chini ya nyaya za umeme. Tafuteni vijia vya udongo kwenye nguzo na msingi, mvibomoe, mfuate wanakotokea. Ubao wowote unaogusa ardhi utenganisheni nayo kwa zege au jiwe. Udongo wa chini utiwe dawa na mtu mwenye kibali, si mtu mwenye dumu.

*Mwalimu, Dodoma haina ukumbi wa kale hata mmoja wa namna hiyo. Haya yanatuhusu nini?*

Ngoma za Wagogo hazikuhitaji ukumbi, na hilo si upungufu. Hukwe Zawose alitoka mkoa huu huu na zeze lake, akasikilizwa dunia nzima. Lakini sasa kila shule, kanisa na taasisi inajenga ukumbi, na ramani nyingi ninazoonyeshwa hazina hata mlango wa kupandia darini. Paa litavuja miaka mitatu kabla mtu hajajua linavujia wapi, na ikifika siku ya kutengeneza, ramani yenyewe haionekani.

Kwa hiyo wajumbe wa kamati za ujenzi, nawaomba: daini mlango wa dari kabla ya kusaini. Pigeni picha ukumbi wenu ndani na nje, pimeni, nakala moja ikae ofisini na nyingine mahali pengine. Na kabla ya mvua za Desemba, mtu mmoja apande ngazi akakague mabati.