Andalio la somo au fishi? Kiswahili cha masomo ya mtandaoni mbele ya mwalimu wa Kibumba

Kibumba iko kaskazini mwa Goma, wilayani Nyiragongo, kwenye barabara iendayo Rutshuru. Mwalimu wa shule ya msingi huko hufanya kazi kati ya lugha tatu: Kinyarwanda, ambacho watoto wengi huzungumza nyumbani, Kiswahili cha sokoni na darasani, na Kifaransa cha programu ya taifa na ripoti. Mwishoni mwa mwaka 2022, mapigano yaliwasukuma wakaaji wengi wa Kibumba hadi Kanyaruchinya, karibu na mji. Barabara ikifungwa, inspekta hafiki na semina haifanyiki. Mwalimu hubaki na simu yake. Basi tujiulize: masomo yanayoweza kumfikia ndani ya simu hiyo yameandikwa kwa Kiswahili cha nani?

1. Kinachopatikana

Upande wa ufundi, ukosefu wa intaneti haufungi mlango wote. Kiwix huweka Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, katika faili moja inayokaa kwenye memori kadi. Kolibri huwekwa kwenye kompyuta moja, nayo huwagawia masomo wote walio karibu bila kupitia mtandao wa nje. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, na mwalimu anaruhusiwa kuzitafsiri.

Kwa mafunzo ya walimu wenyewe, mfano ulio karibu nasi ni TESSA, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika. Masomo yake yapo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Hupakuliwa bila malipo, na leseni yake huria inaruhusu kuyarekebisha. Lakini Kiswahili chake ni kile cha shule za Tanzania.

2. Neno linapomkwamisha msomaji

Wengi wetu tungedhani kikwazo ni sarufi. Sivyo. Mwalimu anayesema *bitabu* na *batoto*, akiona *vitabu* na *watoto* kwenye ukurasa anaelewa papo hapo. Tofauti hiyo ina kanuni, na mwenye lugha huivuka bila msaada. Kikwazo kiko kwenye istilahi, nayo ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza: vitu sawa, majina mawili. Mtanzania huandika *andalio la somo*. Kwetu mwalimu hutayarisha *fishi*. *Ubao* ni *tablo*, *daftari* ni *kaye*. Hapa maelezo ya neno moja yanatosha.

Aina ya pili: jina moja, maana mbili. *Masomo* kwetu ni pia shule yenyewe: mtoto huenda *ku masomo*. *Sehemu*, katika hesabu ya Tanzania, ni kile tunachokiita *fraksyo*; huku kwetu anayesikia "sehemu" huuliza: sehemu gani, ya huku au ya kule? Aina hii ni ya hatari zaidi, kwa kuwa msomaji hajui kwamba hajaelewa.

Aina ya tatu: neno lililofungwa na mfumo wa shule wa nchi. *Azimio la kazi* ni mpango wa mwalimu wa Tanzania kwa kipindi kirefu cha mafunzo. Mtu wa Goma hulijua neno *azimio* kutoka redioni, kwenye habari za Umoja wa Mataifa. Kutafsiri neno peke yake hakutoshi; inabidi kueleza karatasi hiyo hufanya kazi gani, kisha kutaja ile ya kwetu inayokaribiana nayo.

3. Je, tuandike upya kwa Kiswahili cha Goma?

Baadhi yetu watasema ndiyo. Wengine watasema mwalimu atumie toleo la Kifaransa, kwa kuwa alisomea ualimu kwa Kifaransa. Hoja hii ya pili ina uzito, lakini inasahau darasa. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 imezipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia mwanzoni mwa shule. Mwalimu aliyejifunza hesabu kwa Kifaransa anatakiwa kuieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi hana maneno. *Kujumlisha*, *kuzidisha*, *kugawanya*: maneno hayo yamo tayari ndani ya maandishi ya Tanzania. Kwa hiyo istilahi ngeni ni kikwazo na akiba kwa wakati mmoja. Tukiifuta yote, tunamnyang'anya mwalimu kile anachokihitaji kesho asubuhi.

Ninachopendekeza ni daraja: matini yabaki yalivyo, na pembeni yake yawekwe maelezo mafupi kwa Kiswahili cha hapa na, inapobidi, kwa Kifaransa.

4. Zoezi

Kazi hii inafaa kitivo chetu, na haihitaji mashine mpya.

a) Chagua somo moja la TESSA la Kiswahili na upige mstari chini ya kila istilahi ya shule au ya hesabu.
b) Gawanya istilahi hizo katika aina tatu zilizotajwa juu.
c) Wape walimu wawili waisome matini bila maelezo. Usiwaulize kama wameelewa. Mwombe kila mmoja amweleze mwenzake la kufanya darasani. Wanapoachana, hapo pana neno la aina ya pili.
d) Andika maelezo ya pembeni, kisha urudishe matini kwa walimu ili wayajaribu katika mkutano wao wa shule.

Hatua ya (c) ndiyo kipimo. Zana ya mafunzo inapimwa pale walimu wawili, bila inspekta, wanapoweza kubishana juu ya somo wakiwa na maana moja ya kila neno.