MADA YA 9: KUPANGA UPYA DISKI NGUMU NA KUIWEKEA RATIBA

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza jinsi faili linavyotawanyika kwenye diski ngumu;
(b) kukokotoa muda unaopotea kwa sababu ya mtawanyiko huo;
(c) kuendesha kazi ya kupanga upya diski kwa usalama;
(d) kuchagua ratiba inayolingana na kompyuta yako na umeme wa nyumbani kwako.

Ndugu mtahiniwa, mada hii ni fupi lakini inawatenganisha waliokariri na walioelewa. Wengi huandika "kupanga upya diski huongeza kasi ya kompyuta" na kuishia hapo. Mtahini atataka zaidi: kwa nini kasi iongezeke? Kwa diski ya aina gani? Ifanyike lini? Ukiweza kujibu maswali hayo matatu, umemaliza mada.

9.1 FAILI LINAVYOTAWANYIKA

Diski ngumu imegawanywa katika visehemu vidogo vinavyoitwa klasta. Katika mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows, klasta moja kwa kawaida ni KB 4. Faili la KB 10 linahitaji klasta 3, yaani KB 12, na KB 2 zinabaki bila kutumika.

Diski ikiwa mpya, klasta za faili moja hukaa jirani. Tatizo huanza unapofuta na kuhifadhi mara kwa mara. Tazama mfano huu, ambapo kila herufi ni klasta moja na alama ya nukta ni klasta tupu:

Mwanzo: A A A B B C C C . . . .
Baada ya kufuta faili B: A A A . . C C C . . . .
Baada ya kuhifadhi faili D la klasta 4: A A A D D C C C D D . .
Baada ya kupanga upya: A A A C C C D D D D . .

Katika mstari wa tatu, faili D limekatika vipande viwili kwa sababu nafasi iliyoachwa na B haikulitosha. Hali hiyo ndiyo tunayoiita mtawanyiko wa vipande. Kazi ya kuvikusanya vipande ili vikae pamoja ndiyo difragimentesheni, yaani kupanga upya diski.

9.2 KWA NINI KOMPYUTA HUWA NZITO

Fikiria magunia kumi ya mahindi ya mtu mmoja. Yote yakiwa stesheni ya Kilosa, lori linafika mara moja na kupakia. Lakini manne yakiwa Kilosa, matatu Mikumi na matatu Kidatu, lori litazunguka vituo vitatu. Magunia ni yaleyale kumi. Muda umeliwa na safari, wala si na kupakia.

Ndani ya diski ngumu ya kuzunguka, lori hilo ni kichwa cha kusomea. Kichwa hicho hutembea juu ya sahani inayozunguka. Kwa kila kipande cha faili hulazimika kufanya mambo mawili: kusogea hadi kwenye mzingo wenye kipande hicho, kisha kusubiri sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake.

Mfano wa kukokotoa. Diski inazunguka mara 5400 kwa dakika. Kichwa kinatumia wastani wa milisekunde 10 kusogea. Diski inasoma MB 100 kwa sekunde. Faili la MB 25 limekatika vipande 500. Je, litasomwa kwa muda gani?

Hatua ya 1: Mzunguko mmoja = sekunde 60 ÷ 5400 = milisekunde 11.1.
Hatua ya 2: Wastani wa kusubiri ni nusu ya mzunguko = milisekunde 5.6.
Hatua ya 3: Kila kipande kinagharimu 10 + 5.6 = milisekunde 15.6.
Hatua ya 4: Vipande 500 × 15.6 = milisekunde 7800 = sekunde 7.8.
Hatua ya 5: Kusoma data yenyewe = 25 ÷ 100 = sekunde 0.25.
Jumla = sekunde 8.05.

Faili hilohilo likiwa kipande kimoja lingechukua milisekunde 15.6 + 250, yaani takriban sekunde 0.27. Tofauti ni karibu mara 30. Hayo ni makadirio, lakini yanaonyesha sababu. Katika jibu lako andika neno "kichwa cha kusomea". Bila hilo, maelezo yako yatakuwa pungufu.

9.3 TAMBUA DISKI KABLA YA KUIGUSA

Diski ya SSD haina sahani wala kichwa kinachotembea. Kusoma kipande cha mbali ni sawa na kusoma cha jirani, kwa hiyo kupanga upya hakuleti nafuu ya maana. Isitoshe, seli zake huvumilia idadi maalumu ya kuandikwa, na kuhamisha vipande ovyo ni kuzichosha bure. SSD huhudumiwa kwa amri ya TRIM, ambayo huiarifu diski ni klasta zipi hazitumiki tena. Flashi nayo usiipange upya, kwa sababu hiyohiyo.

Katika Windows 8 na matoleo yaliyofuata, dirisha la kazi hii lina safu inayotaja aina ya diski. Ukiona "Hard disk drive", endelea. Ukiona "Solid state drive", iache Windows yenyewe iihudumie kwa TRIM.

9.4 HATUA ZA KUENDESHA

1. Weka nakala ya kazi zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha itunze mbali na kompyuta. Wakazi wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika. Nakala iliyokaa kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta hulowa pamoja nayo.

2. Sikiliza diski. Ikigonga au kukwaruza, usiipange upya. Hiyo ni dalili ya kuharibika, na kazi nzito inaweza kuimaliza. Nakili data na utafute diski nyingine.

3. Futa usivyohitaji na umwage pipa la taka la kompyuta. Hakikisha angalau asilimia 15 ya diski ni tupu, maana vipande vinahitaji mahali pa kuwekwa kwa muda wakati wa kupangwa.

4. Funga programu zote. Kama ni kompyuta mpakato, ichomeke kwenye umeme.

5. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dfrgui, kisha bonyeza Enter.

6. Chagua diski C, bonyeza kitufe cha "Analyze" na usubiri asilimia ya mtawanyiko. Katika Windows 7 kitufe hicho kimeandikwa "Analyze disk".

7. Ikizidi asilimia 10, bonyeza "Optimize". Katika Windows 7 kitufe ni "Defragment disk". Ikiwa chini ya hapo, funga dirisha. Hakuna kazi ya kufanya.

8. Subiri. Kazi inaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa, kulingana na ukubwa wa diski na wingi wa vipande. Ukilazimika kuondoka, tumia kitufe cha kusimamisha. Usizime soketi.

9.5 KUPANGA RATIBA

Hapa ndipo maarifa ya kitabuni yanapokutana na maisha ya nyumbani. Soma kisa hiki kama ambavyo ungekisoma kwenye chumba cha mtihani.

Familia moja inaishi Mikumi, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Ina kompyuta ya mezani yenye Windows 7 na diski ya kuzunguka. Huwashwa saa 2:00 usiku duka likishafungwa. Baba huandika mahesabu, kisha binti aliye kidato cha nne huchapa kazi zake hadi saa 4:00. Wakimaliza tu, soketi inazimwa kwa kuhofia radi na kuokoa uniti za LUKU. Binti anasema, "Ratiba imewashwa, nimeiona mwenyewe. Mbona mashine bado nzito?"

Uchambuzi: Ratiba ya kuanzia ya Windows 7 ni kila Jumatano, 1:00 AM, yaani saa 7:00 usiku wa kuamkia Jumatano. Saa hiyo kompyuta ya familia imezimwa. Windows ikikosa zamu husubiri kompyuta iwashwe na itulie bila mtu kuitumia. Lakini nyumba hii haina muda wa namna hiyo. Mashine ikiwaka kuna mtu anachapa, na akiinuka inazimwa. Kwa hiyo ratiba ipo kwenye kioo na kazi haifanyiki.

Ratiba nzuri hutimiza masharti matatu kwa pamoja:
(i) kompyuta imewashwa;
(ii) hakuna anayeitumia;
(iii) umeme una uhakika kuliko saa nyingine.

Suluhisho: Familia ichague Jumapili saa 9:00 alasiri, mara moja kwa mwezi. Mashine iwashwe na iachwe itulie. Ratiba ipangwe hivi: fungua dfrgui, bonyeza kitufe cha ratiba, chagua kila mwezi, chagua siku, kisha saa 3:00 PM na diski C. Katika mipangilio ya umeme, zuia kompyuta isilale katikati ya kazi. Siku za mvua kubwa na radi, ahirisheni.

Je, baba akihofia LUKU? Mkokotolee. Kompyuta inayotumia wati 100 kwa saa 2 inakula 0.1 × 2 = uniti 0.2. Mara moja kwa mwezi, gharama hiyo ni ndogo.

Katika Windows 10 dirisha la ratiba linakuuliza kila siku, kila wiki au kila mwezi, bila kukuuliza saa. Saa hufuata muda wa matengenezo ya kompyuta, unaobadilishwa kwenye paneli ya udhibiti. Masharti matatu hayabadiliki.

ANGALIZO: Saa ya kompyuta si saa yetu ya Kiswahili. Mwanafunzi akitaka saa 7:00 usiku na kuchagua 7:00 AM, ameweka saa 1:00 asubuhi, wakati watu wameamka na mashine inahitajika. Ongeza au punguza saa 6 kwanza, kisha hakiki kama ni AM au PM.

9.6 MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

• "Kupanga upya huongeza nafasi kwenye diski." Si kweli. Nafasi huongezeka kwa kufuta mafaili. Kupanga upya huzikusanya tu nafasi tupu zilizotapakaa.
• "Huondoa virusi." Si kweli. Hiyo ni kazi ya programu ya kuzuia virusi.
• "Huongeza kumbukumbu ya RAM." Si kweli. RAM na diski ni vifaa viwili tofauti.
• "Ifanyike kila siku kwa kila diski." Si kweli. Hutegemea aina ya diski na asilimia ya mtawanyiko.
• "Ukishapanga upya huhitaji nakala." Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Diski iliyopangwa vizuri inaweza kufa kesho.

ZOEZI

1. Tofautisha diski iliyojaa na diski yenye mtawanyiko wa vipande. (Alama 4)

2. Diski inazunguka mara 7200 kwa dakika, na kichwa chake kinatumia wastani wa milisekunde 9 kusogea. Kokotoa muda unaotumika kuvifikia vipande 200 vya faili. (Alama 5)

3. Mwanafunzi wa Kilosa ana kompyuta mpakato yenye SSD. Rafiki anamshauri aipange upya kila siku. Mpe ushauri wenye sababu mbili. (Alama 4)

4. Andika kwa mtindo wa saa ya kompyuta: (a) Jumamosi saa 4:00 usiku, (b) saa 11:00 alfajiri. (Alama 2)

MAJIBU

1. Diski iliyojaa haina klasta tupu za kutosha kuhifadhi mafaili mapya, na dawa yake ni kufuta au kuhamisha mafaili. Diski yenye mtawanyiko inaweza kuwa na nafasi tele, lakini vipande vya faili moja viko mbalimbali, na dawa yake ni kupanga upya.

2. Mzunguko mmoja = 60 ÷ 7200 = milisekunde 8.33. Nusu yake = milisekunde 4.2. Kila kipande = 9 + 4.2 = milisekunde 13.2. Vipande 200 = milisekunde 2640, yaani sekunde 2.64. Onyesha kila hatua. Ukikosea hesabu ya mwisho, hatua sahihi zinaweza kukuokolea alama.

3. Asiipange. Kwanza, SSD haina kichwa kinachotembea, hivyo mtawanyiko hauleti safari ya kupoteza muda. Pili, kuandika mara kwa mara bila sababu hupunguza uhai wa seli zake. Aiachie Windows iendeshe TRIM.

4. (a) Jumamosi, 10:00 PM. (b) 5:00 AM.

KAZI YA VITENDO: Kwenye kompyuta ya nyumbani au ya shule, kwa ruhusa ya mwenyewe, tambua aina ya diski na uichambue tu. Andika asilimia uliyoipata, kisha taja saa moja katika wiki ambayo masharti yote matatu ya ratiba yanatimia mahali hapo. Kama saa hiyo haipo, usiweke ratiba. Andika kwenye kalenda ya ukutani siku utakayoendesha kazi hiyo kwa mkono, ukiwa umekaa karibu na mashine.