Kila Meza na Swali Lake: Somo kwa Msafiri Anayetoka Irente Kwenda Kupanda Ndege

Irente iko kilomita chache kutoka mjini Lushoto, kwenye ukingo wa milima ya Usambara. Watalii hufika hapo kutazama nyika ya Umasai iliyolala chini ya mwamba, na wengi huondoka na jamu, asali au jibini inayotengenezwa huko huko. Wenyeji nao husafiri: yupo anayekwenda masomoni, yupo anayemfuata ndugu Ulaya, na yupo kijana aliyeahidiwa kazi Uarabuni. Wote hawa huteremka kona za barabara ya Mombo, hushika barabara kuu kuelekea Kilimanjaro au Dar es Salaam, na mwisho husimama mbele ya watu wenye sare wanaowauliza maswali.

Malalamiko mengi juu ya ukaguzi wa uwanja wa ndege hutokana na jambo moja: msafiri huwaona watumishi wote wa uwanjani kuwa ofisi moja. Sivyo. Kila meza ina sheria yake, swali lake na mipaka yake. Anayejua ni nani anayemuuliza, na anauliza kwa sababu gani, hujibu kwa ufupi, hupita kwa amani, na akionewa hujua mahali pa kupeleka lalamiko lake. Hilo ndilo somo letu.

1. Kwa nini kuna meza nyingi

Msingi wa taratibu hizi ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Viambatisho viwili vya mkataba huo humgusa msafiri moja kwa moja. Kiambatisho cha 9 kinahusu wepesi wa safari, yaani watu na mizigo wapite bila usumbufu usio wa lazima. Kiambatisho cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya wimbi la utekaji wa ndege, kinahusu usalama. Kimoja kinasema msafiri apite upesi, kingine kinasema asipite kabla ya kukaguliwa. Ukaguzi mzuri ni ule unaotimiza yote mawili.

Katika kutafuta mizani hiyo, ICAO inapendekeza kwamba taratibu zote za kuondoka zisizidi dakika 60 kwa msafiri wa kawaida, na za kuwasili zisizidi dakika 45. Hilo ni lengo ambalo nchi zinashauriwa kulifikia. Msafiri asilichukue kuwa ahadi anayoweza kuidai mahakamani. Ndiyo maana tunashauri kufika uwanjani saa tatu kabla ya safari ya kimataifa. Kwa anayetoka Irente, ambako mvua huweza kuchelewesha gari kabla halijafika Mombo, ni busara kulala karibu na uwanja usiku wa kuamkia safari.

2. Kaunta ya shirika la ndege: "Je, nchi unayokwenda itakupokea?"

Wengi hushangaa mtumishi wa shirika la ndege anapoikagua pasipoti na viza ilhali yeye si ofisa uhamiaji. Sababu ni kwamba shirika likimpeleka mtu asiye na hati kamili, huweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Kwa hiyo swali lake ni la hati tu: pasipoti, viza, na kwa safari nyingine tiketi ya kurudi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Jambo hili litazamwe kabla ya kununua tiketi, kwa kuwa uwanjani halina dawa.

3. Ukaguzi wa usalama: "Je, umebeba kitu kinachoweza kudhuru ndege?"

Mkaguzi wa usalama hahitaji kujua unakwenda kwa nani wala una fedha kiasi gani. Anatafuta silaha, vilipuzi na vitu vya hatari. Katika viwanja vikubwa ukaguzi huu hufanyika zaidi ya mara moja, na kupita mara ya kwanza hakukuondolei ukaguzi wa pili.

Hapa ndipo jamu ya Irente hukwama. Mwezi Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo viwanja vingi duniani vimeweka sharti kwamba kila kimiminika kwenye mzigo wa mkononi kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vitoshe katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa ujazo wa lita moja. Jamu, asali, jibini laini, dawa ya meno na mafuta ya kupaka vyote huhesabiwa kuwa vimiminika. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, hata kama kilichobaki ndani ni kidogo. Chupa ya mililita 250 yenye asali vijiko viwili haipiti.

Baadhi ya viwanja vya Ulaya vimeanza kulegeza sharti hili baada ya kupata mashine mpya. Lakini anayebadilisha ndege njiani hufuata sharti la kila uwanja anaopitia. Salama zaidi ni kuifunga jamu vizuri na kuiweka katika begi linalokabidhiwa kaunta. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa kuzidi kipimo hicho. Vitolewe mapema na kuonyeshwa, pamoja na cheti cha daktari kwa dawa.

Betri hufuata kanuni iliyo kinyume cha hiyo. Pawa benki hairuhusiwi katika begi la kukabidhi, kwa sababu ikishika moto ndani ya shehena hakuna wa kuuzima mara moja. Hubebwa mkononi, nayo isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika la ndege. Hesabu yake ni rahisi: chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Pawa benki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74. Hiyo hupita, alimradi shirika lako halijaweka masharti makali zaidi.

Kitu kikikataliwa, uliza kama unaweza kurudi kukiweka katika begi la kukabidhi, au kumpa msindikizaji wako aliye nje. Ikishindikana, utakiacha. Hakuna ada ya kukipitisha kitu kilichokatazwa. Anayeomba kitu kidogo ili chupa yako ipite anaomba rushwa, na anahatarisha ndege nzima.

Mzaha juu ya bomu usithubutu kuufanya. Mkaguzi halazimiki kupima kama ulikuwa unacheka.

4. Uhamiaji: "Wewe ni nani, na safari hii ni ya nini?"

Ofisa uhamiaji ndiye mwenye mamlaka ya kuuliza unakwenda wapi, kwa nani na kwa muda gani. Maswali yake huwaudhi wengi, hasa vijana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba. Twende taratibu hapa, kwa kuwa kinachohatarishwa ni kikubwa kuliko chupa ya asali.

Tuchukulie mfano wa binti aliyetafutiwa kazi na mtu aliyefika kijijini. Amepewa tiketi na viza ya matembezi, na ameambiwa akiulizwa aseme anakwenda kumsalimia shangazi. Ofisa anapomhoji kwa kina, binti hudhani anazibiwa riziki. Ukweli ni kwamba swali hilo huenda likawa kinga yake ya mwisho akiwa bado nchini. Anayeingia nchi ya watu kwa viza ya matembezi kisha akafanya kazi huwa hana mkataba unaotambulika huko, na akinyimwa mshahara au kupigwa, ataogopa kwenda polisi kwa kuwa yeye mwenyewe amevunja sheria ya ukaazi. Tanzania ina Sheria ya Kupambana na Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, na uongo aliofundishwa binti huyo ni mojawapo ya dalili ambazo maofisa huziangalia.

Kwa hiyo, anayekwenda kazini aseme anakwenda kazini. Awe na viza ya kazi na mkataba uliotiwa saini, unaotaja mshahara, saa za kazi na jina la mwajiri. Ahakikishe kwamba wakala aliyemtafutia kazi amesajiliwa. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ni mahali pa kuuliza. Aiachie familia nakala za pasipoti, viza na mkataba, na awe na namba ya ubalozi wa Tanzania katika nchi anayokwenda. Akumbuke kwamba pasipoti ni mali ya Serikali iliyoitoa. Si dhamana ya kufungiwa kabatini na mwajiri.

Wageni wa Irente nao wana funzo lao. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo shuleni au shambani. Kazi hiyo ina kibali chake, na kuzidisha siku zilizogongwa katika pasipoti ni kosa. Mwenyeji anayempokea mgeni amwambie hayo siku ya kwanza, asingoje siku ya kuondoka.

5. Afya, forodha na mimea: "Umebeba nini kinachoweza kuleta madhara nchini?"

Ofisa wa afya huuliza cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Anayetakiwa kuchanja tena kwa sababu cheti kimepita miaka 10 aonyeshe kwa heshima kwamba kanuni imebadilika.

Forodha hutaka kujua bidhaa na fedha. Anayebeba fedha taslimu zaidi ya dola za Marekani 10,000, au thamani yake kwa sarafu nyingine, lazima azitaje. Kuzibeba si kosa. Kosa ni kuzificha. Wanaowasili wakumbuke pia kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Ule mfuko mdogo wa vipodozi wenye kufungwa kwa kubana unaruhusiwa, alimradi msafiri aondoke nao.

Usambara ina viumbe vinavyotamaniwa duniani. Ua la Saintpaulia, linalopamba madirisha ya Ulaya, lilichukuliwa katika milima na nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19. Leo mche hauondoki kwa kuwa mzuri tu: nchi nyingi hutaka cheti cha afya ya mimea, nchini mwetu kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kinyonga ndiyo kabisa asiguswe. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Na jibini, ingawa yaweza kupita usalama, Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kutoka nchi kama yetu kuingiza bidhaa za maziwa. Bora iliwe Irente.

6. Haki zako katika ukaguzi

Kukubali kukaguliwa si kukubali kudhalilishwa. Msafiri anaweza kudai haya:

(a) Kupapaswa mwili kufanywe na mtu wa jinsia yake, na akiomba, kufanyike faraghani mbele ya shahidi.

(b) Begi lake lifunguliwe yeye akiwepo na akiona.

(c) Aelezwe kitu gani kimekataliwa na kwa sababu gani.

(d) Malipo yoyote halali ya Serikali yawe na stakabadhi.

(e) Mwenye ulemavu asaidiwe bila kuharakishwa. Irente kuna shule ya watoto wasioona, na wahitimu wake ni wasafiri kama wengine. Asiyeona ana haki ya kuambiwa kabla ya kuguswa, na fimbo yake ikipitishwa kwenye mashine irudishwe mkononi mwake mara moja. Msaada uombwe kwa shirika la ndege saa 48 kabla ya safari.

7. Ukionewa

Usigombane kwenye foleni, wala usipige picha katika eneo la ukaguzi. Andika tarehe, saa, meza, na jina au namba iliyo kifuani mwa mtumishi. Tunza pasi ya kupandia ndege na stakabadhi. Kisha omba kumwona msimamizi wa meza hiyo hiyo, maana mengi huisha hapo.

Yasipoisha, lipeleke lalamiko panapohusika: la uhamiaji kwa Idara ya Uhamiaji, la forodha kwa Mamlaka ya Mapato, la ukaguzi wa usalama au huduma za uwanja kwa uongozi wa uwanja, la shirika la ndege kwa shirika lenyewe kwanza, na lisipotatuliwa, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayeombwa rushwa apige simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Lalamiko lililopelekwa meza isiyohusika hupotea njiani, na aliyekosea huendelea kukosea.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mgeni wako ana chupa tatu za jamu, kila moja gramu 300, na pawa benki ya mAh 30,000 yenye volti 3.7. Kila kimoja akiweke wapi? Kipi kinahitaji idhini ya shirika la ndege?

2. Ofisa wa afya anamwambia msafiri mwenye cheti cha mwaka 2012 alipe fedha mkononi ili apite. Msafiri afanye nini, na aripoti wapi?

3. Jirani anakuomba umshauri bintiye anayesafiri wiki ijayo kwenda kazini Muscat kwa viza ya matembezi. Mtaje mambo matatu utakayomwambia kabla gari halijateremka Mombo.