Akiba Haiozi: Pilipili na Dhania Wakati wa Kipupwe

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini huku kwetu nyanda za juu, mwezi wa Mei utaona pilipili zimeiva tele, zinaanguka na kuozea mchangani. Ikifika Julai, nyumba ileile inatoa pesa za unga kununua pilipili kwa mama mboga. Je, hasara hii haiwezi kuepukika? Yaweza, tena bila gharama kubwa.

Kwanza, tuijue baridi yenyewe. Kipupwe ni majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti. Sehemu kama Limuru, Molo na Kinangop ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku ukikosa mawingu na upepo, umande huweza kuganda ukawa jalidi. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo hushuka bondeni. Ndiyo sababu shamba la bondeni huungua na lile la mlimani likapona.

Pili, mimea haifanani. Asili ya pilipili ni nchi za joto za Amerika. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 15 hivi, maua yake hupukutika, na jalidi huua mti mzima. Dhania nayo hupenda ubaridi. Jua likizidi, inakimbilia kutoa maua na majani yanapungua. Rosemari huvumilia jalidi kidogo. Mnanaa hata ukikauka juu, mizizi huchipua tena. Kwa hivyo kipupwe si wakati wa kuacha bustani. Ni wakati wa kupanda dhania na kulinda pilipili.

Namna ya kulinda pilipili ni hii. Toboa debe kuukuu matundu chini, ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha upande mche mmoja. Mchana debe likae juani, jioni liingizwe ndani ama liwekwe karibu na ukuta wa jikoni. Miche iliyo shambani ifunike kwa gunia lililoshikwa na vijiti, na asubuhi ulitoe. Mwagilia asubuhi, tena kidogo tu, kwa maana udongo baridi ukilowa sana mizizi huoza. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna bahati: jioni tuko nyumbani, basi kazi ya debe ni yetu.

Tatu, tuweke akiba. Chuma pilipili nyekundu zilizokomaa kabla ya Juni. Zitunge kwa uzi na sindano, uzianike juani siku kadhaa. Mawingu yakizidi, zitundike juu ya meko, mbali na ndimi za moto. Zikiwa tayari huvunjika badala ya kupindika, na mbegu hulia ndani ukizitikisa. Zitie katika mkebe mkavu wenye kifuniko. Rosemari na mnanaa kausha kivulini, kwani jua kali huondoa harufu. Majani ya dhania yakikauka hupoteza ladha, kwa hivyo acha mashina machache yazae, uvune mbegu zikiwa za kahawia.

Waweza pia kutengeneza achari. Chemsha chupa ya kioo, tia pilipili zilizooshwa na chumvi, kisha mimina siki ya moto mpaka zizame kabisa. Lakini tahadhari! Usitie pilipili mbichi wala vitunguu saumu katika mafuta na kuviweka kabatini wiki nyingi. Katika mafuta hamna hewa, na kuna vijidudu vinavyotoa sumu ya kuua mahali kama hapo. Sumu hiyo huwezi kuiona wala kuinusa.

Mikono ikiwasha, paka mafuta ya kupikia kwanza, halafu uoshe kwa sabuni. Maji matupu hayasaidii, kwa sababu kinachowasha huyeyuka katika mafuta, si majini.

Mwenzangu, uzi mmoja wa pilipili ukiwa juu ya meko, pesa za unga zitabaki kuwa za unga.

Zoezi
1. Kwa nini shamba la bondeni hupatwa na jalidi kuliko la mlimani?
2. Taja tofauti moja kati ya pilipili na dhania wakati wa kipupwe.
3. Tunga sentensi ukitumia: pukutika, anika, kuukuu.